Injini zimelindwa, na koroboi je?



Jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi vijijini ni uuzaji wa petroli na mafuta ya taa katika chupa za namna moja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mitole, wilayani Kilwa. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa darasa la tano alitumwa dukani jioni kununua mafuta ya koroboi, kwa kuwa nyumba yao haina umeme. Alisema, "Naomba mafuta," akapewa chupa ya soda iliyokuwa imepangwa pamoja na zile za waendesha bodaboda. Mama yake alipowasha, koroboi ililipuka. Leo mtoto huyo amerudi darasani, lakini anajifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto.

Muuza duka hakukusudia ubaya. Lugha yetu ina neno moja, mafuta, kwa ya kupikia, ya taa na ya pikipiki. Wala mimi sijitoi lawamani. Kwa miaka kadhaa nimeandika ubaoni, "Mafuta ni chanzo cha nishati." Watoto walinakili, nami nikaweka alama ya vema. Nilifundisha sentensi, sikufundisha hatari.

Ndugu wasomaji, vitu hivi ni ukoo mmoja. Karibu vyote ni kaboni na haidrojeni tu. Tofauti ni idadi ya kaboni katika kila molekuli na jinsi zilivyoungana. Yenye kaboni moja ni methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa katika wilaya yetu hii mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Zenye kaboni tatu au nne ni gesi ya mitungi. Petroli ina kaboni 4 hadi 12 hivi, mafuta ya taa 10 hadi 16 hivi, na mwisho kabisa iko lami.

Mnyororo mfupi hutoa mvuke upesi, na kinachowaka ni mvuke. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi kabla mvuke wake haujatosha kushika moto. Kazi hiyo hufanywa na utambi, polepole. Petroli hutoa mvuke wa kutosha hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la pwani yetu. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto.

Hata mpangilio peke yake hubadili tabia. Chukua herufi nne: utapata lima, mali, mila na lami. Herufi ni zilezile, maana ni mbalimbali. Katika kemia vitu vya namna hiyo huitwa isomeri. Kaboni nne na haidrojeni nane, katika jamii ya alkeni, hutoa vitu vinne tofauti. Kaboni 8 na haidrojeni 18, yaani oktani, hupangika kwa njia 18. Ule mnyororo mnyoofu hugongesha injini, lakini mmoja kati ya yenye matawi ndio uliofanywa kipimo cha 100 cha petroli. Ikiwa mpangilio tu unaleta tofauti hiyo, vipi tuzidharau tofauti za chupa mbili za dukani?

Serikali imefanya kazi kubwa dhidi ya uchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili wajanja wasione faida ya kuyachanganya na dizeli. Sisi wa koroboi tulilipa bei hiyo, na magari yakanusurika. Sasa naomba juhudi kama hiyo kwa kosa la upande wa pili, la petroli kuingia katika koroboi.

Kwanza, serikali za vijiji zikataze petroli na mafuta ya taa kukaa rafu moja, kupimwa kwa kipimo kimoja au kumiminwa kwa faneli moja, na kila chombo kiandikwe jina. Pili, wahusika wahimize vituo halali vya mafuta vijijini ili biashara ya chupa ife yenyewe. Tatu, sisi walimu tusingoje watoto wafike sekondari, maana wengi huanza kutumwa dukani kabla ya hapo. Mtoto afundishwe kusema "mafuta ya taa", si "mafuta" tu. Na mtu mwenye shaka na chupa yake asiijaribu kwa kiberiti, airudishe.

Nimeanza na darasa langu. Sentensi ile ya zamani nimeifuta ubaoni. Naomba walimu wenzangu nao wafanye hivyo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mitole, Kilwa.