Daftari la Wiki: Skuta ya Baharini na Basi la Kericho

Jirani wa matatu. Kijana wa Litein niliyeketi naye garini hufundisha wageni kupiga mbizi kule Diani. Sasa anajifunza skuta ya chini ya maji: chombo chenye betri na rafadha, kinachomvuta mpiga mbizi bila yeye kuchapa miguu. Mama mmoja nyuma yetu akauliza, "Na hiyo nayo inachuma majani chai?" Gari zima likaangua kicheko. Huku kwetu mashine mpya haipokelewi bila kuhojiwa.

Si nguvu za mikono. Kamba ya skuta hufungwa kwenye pete ya mkanda upitao katikati ya mapaja, na mkanda huo ndio unaovutwa. Mkono mmoja huongoza tu; wa pili hubaki huru. Kabla ya kuwasha, mwanafunzi hukagua asiwe na kamba wala mpira wa hewa unaoning'inia karibu na rafadha.

Kwenda na kurudi. Skuta hukufikisha mbali upesi. Betri ikizima, utarudi kwa miguu yako na hewa iliyosalia mtungini, kwa hiyo hesabu ya kurudi hupigwa kabla ya kuondoka. Tena, usiipande kukimbilia juu: hewa uliyoivuta mita 10 chini hutanuka maradufu ufikapo juu, na aliyebana pumzi hupasuka mapafu.

Mababu zake. Alfajiri ya 19 Desemba 1941, Waitaliano 6, wawili wawili juu ya vyombo vya namna hii, walitega mabomu bandarini Alexandria, Misri. Manowari za Uingereza Queen Elizabeth na Valiant zikaketi kwenye tope.

Kupanda mlima. Atokaye mbizini ana naitrojeni mwilini. Akiwahi kupanda mahali pa juu, presha hupungua, naitrojeni hufanya mapovu, viungo huuma na hata kupooza. Ushauri wa kawaida kabla ya ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi za mfululizo. Wengi hudhani basi halihusiki. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na basi hupanda milima vilevile.

Enyi vijana wetu mlioko Pwani, mkitoka majini msikimbilie basi la usiku. Laleni huko kwanza, mpande la kesho jioni.