Sumu Isiyoonekana Ipate Shahidi

Mama atokaye sokoni Kariakoo na fungu la mchicha huliosha, akalipika vema, akawapakulia watoto wake kwa moyo mtulivu. Ametimiza yote aliyofundishwa. Lakini iko sumu isiyojali kuoshwa wala kuchemshwa. Maji yakichemka vijidudu hufa. Risasi hubaki palepale. Haiui upesi kama kipindupindu, bali hujikusanya mwilini miaka mingi, ikadumaza akili ya mtoto hata kabla hajaanza shule.

Jambo hili si uvumi. Mwaka 1999 wataalamu Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wao juu ya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakaonyesha kwamba zimo risasi na kadimi. Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo, ukakata bonde la Jangwani, jirani kabisa na Kariakoo, na njiani hupokea maji machafu ya viwanda na ya mitaa. Dunia nayo ilikwisha kuonywa: huko Minamata, Japani, maradhi yaliyotambuliwa mwaka 1956 yalitokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki.

Taabu yetu kubwa ni upimaji. Mashine za kupimia madini haya ni ghali, nazo hukaa maabara, mbali na mwenye bustani na mwenye kisima. Lakini njia nyingine ipo. Mwaka 2006 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, walibuni kipimo kilicho hai: bakteria waliogeuzwa ili watambue aseniki, sumu iliyomo katika visima vingi vya Bangladesh. Aseniki ikiwapo, bakteria hao hutoa asidi, na rangi iliyotiwa majini hubadilika, hata asiye mtaalamu akaona kwa macho yake.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya mataifa tajiri. Sivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chimbuko lake ni chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, karibu na Kariakoo. Basi vijana wake na warudi mtaani walikozaliwa kielimu, wabuni kipimo cha risasi na kadimi za Msimbazi. Wanaowaogopa bakteria hao wana haki: wafungiwe ndani ya chombo, wauawe baada ya kazi, na sheria za usalama zifuatwe. Na kipimo kikionyesha sumu, maabara ithibitishe.

Lakini tusijidanganye. Kipimo hakisafishi maji; ni shahidi tu. Shahidi akisha kusema, kisha tukang'oa matuta ya mkulima huku amwagaye sumu juu ya mto akiendelea kustarehe, tutakuwa tumemwadhibu aliyedhulumiwa. Majibu yabandikwe hadharani sokoni, ili mnunuzi na muuzaji wayasome. Naye mwenye kuchafua mto afikishwe mbele ya sheria, awe mkubwa au mdogo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ukianguka, yupo fundi wa kuujenga upya. Akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi haina fundi.