Msimbo wa Mashine Usomwe na Nani?

Tangu Juni 2021, kampuni ya GitHub ilipotangaza chombo chake kiitwacho Copilot, kazi ya kuunda programu za tarakilishi haijabaki ilivyokuwa. Mtu huandika sentensi moja kueleza anachotaka, na kufumba na kufumbua msimbo mzima umejaa kwenye kiwambo. ChatGPT ilipozuka Novemba 2022, hata wasioijua fani hiyo walijiona mafundi. Hapa Kenya suala hili si la mbali, kwani mtaala wa kufundisha uandishi wa misimbo katika shule za msingi na za upili uliidhinishwa mwaka uo huo wa 2022.

Wapo wanaotaka vyombo hivi vipigwe marufuku shuleni. Siafikiani nao. Wala siafikiani na wale wanaodai kwamba kujifunza lugha za programu sasa ni kupoteza wakati, ati mashine itatufanyia yote.

Hebu tuchukue kazi ambayo kila mwalimu anaijua: kutafuta wastani wa alama. Wanafunzi watatu wamepata 60, 70 na 80. Wa nne alikuwa mgonjwa na nafasi yake ikaachwa wazi. Iagize mashine ikuandikie programu. Yaelekea itaiandika kwa ufasaha, na itaendeshwa bila kukwama. Lakini je, ile nafasi tupu imehesabiwa vipi? Ikiachwa nje, wastani ni 70. Ikigeuzwa sufuri, wastani ni 52.5, na huenda lisitokee onyo lolote.

Sisi wanaisimu tunaujua mtego huu. Mwaka 1957 Noam Chomsky alionyesha kwamba sentensi yaweza kufuata sarufi barabara na bado isiwe na maana. Aghalabu mashine haikosei sarufi ya msimbo. Hukosea makusudio ya aliyeiagiza, hasa asipoyataja.

Wala wasidhani wanafunzi kwamba ni wao tu wanaodanganyika. Katika utafiti wa shirika la METR uliotolewa Julai 2025, waundaji programu 16 wenye uzoefu walitumia muda zaidi kwa asilimia 19 waliporuhusiwa kutumia akili unde, ilhali wenyewe waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Naam, watu 16 ni wachache, na vyombo vimeendelea kuboreshwa tangu hapo. Hata hivyo, pengo hilo kati ya dhana na saa ya ukutani lanitia wasiwasi.

Ningekuwa mwalimu wa somo hilo, ningemtaka mwanafunzi aandike majibu anayoyatarajia kabla ya kuiagiza mashine: kwa darasa kamili, kwa darasa lenye mgonjwa, na kwa darasa lisilo na mtu. Kisha anieleze kila mstari kwa mdomo, kwa Kiswahili akipenda. Ahakikishe pia kwamba vifurushi vya msimbo vilivyotajwa vipo kweli, maana mashine hizi hubuni majina, na mhalifu aweza kulisajili jina la kubuni na kutia sumu humo. Nywila zake asizibandike humo kamwe.

Na mtihani je? Nusu ya alama ningeitengea usomaji. Mtahiniwa apewe msimbo uliochapishwa, karatasi na penseli (shule isiyo na umeme nayo haitakuwa na kisingizio), kisha aonyeshe ni mstari upi uliomgeuza mgonjwa wetu kuwa sufuri.