Mada Si Dhamira

Fungua mwongozo wowote wa fasihi wanaouziwa wanafunzi wetu wa sekondari, utafute mahali palipoandikwa "dhamira". Aghalabu utakuta orodha: mapenzi, rushwa, ukombozi, nafasi ya mwanamke, ujenzi wa jamii mpya. Orodha ya tamthilia ndiyo ya riwaya, na ndiyo hiyohiyo ya diwani ya mashairi. Kwa hishima zote kwa walioiandika, hizo si dhamira. Ni mada. Na madhara ya kuvichanganya vitu viwili hivi hayaishii katika chumba cha mtihani. Yamekwisha kuingia katika utunzi wenyewe.

Lugha yetu ilikwisha kutenganisha zamani. Maneno yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu. Mada ni kitu cha kufanyia kazi, kama ubao kwa seremala au unga kwa mpishi. Dhamira imetoka katika shina la yaliyofichwa nafsini. Ni ndugu wa dhamiri, ile inayomsuta mtu usiku. Mswahili anaposema "nimedhamiria" hamaanishi kwamba ana jambo la kuzungumza, bali kwamba moyo umekwisha kukata shauri. Basi vipi neno moja tupu, "rushwa", liwe dhamira? Rushwa imekusudia nini? Mada hutajika kwa jina moja. Dhamira haitajiki ila kwa sentensi kamili, yenye kitenzi, ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuibishia.

Sijui aliyedhulumiwa na orodha hizo kuliko Mwana Kupona binti Msham. Utendi wake wa mwaka 1858, aliomtungia bintiye akiwa mgonjwa, umebandikwa "nafasi ya mwanamke" au "utii kwa mume", kisha kalamu ikawekwa chini. Wanaomsifu wanamsifu kwa hilo, wanaomlaumu wanamlaumu kwa hilohilo, na wote wamesimama mlangoni. Utii ni mada yake, sikatai. Lakini tazama anavyoushughulikia. Anamwagiza binti amtunze mumewe kama mtoto asiyejua bado kusema. Sasa niambie, ndugu msomaji: baina ya mtoto asiyejua kusema na yule anayemlea, ni nani mwenye madaraka nyumbani? Mama huyu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said. Hakuwa mgeni wa mambo ya utawala. Mimi naisoma dhamira yake hivi: utii wa nje ni ngao anayoivaa mwenye akili ili atawale ndani. Mwengine atasema hasha, mama amemaanisha alichokisema, na radhi za Mungu ndiyo shabaha yake. Ahlan wa sahlan! Hapo tutakuwa tunabishania dhamira, na utendi utakuwa hai baina yetu. Kwa "nafasi ya mwanamke" hakuna wa kubishana naye.

Au lichukue shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute" katika Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, aliyehukumiwa kifungo mwaka 1969 kwa waraka wa kisiasa. Mada ni ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mpanga orodha mwaminifu angeliliweka chini ya "kilimo", au akijitahidi sana, chini ya "ugomvi wa kifamilia". Msomaji wa Kenya aliyeishi miaka ile hakuhitaji kuambiwa kwamba hapo hapazungumzwi nazi.

Turudi kwa watunzi wetu wa leo. Tangazo la mashindano hutoka: tungeni juu ya UKIMWI, juu ya mazingira, juu ya amani. Mashairi huletwa, vina vimekaa, mizani nane kwa nane haikupungua hata moja, na yote yanasema kwamba ugonjwa ni mbaya, miti ni mizuri na vita havifai. Jaji hutoa alama zote za "dhamira" kwa kuwa neno lililoagizwa limetajwa katika kila ubeti. Nani atayabishia mashairi hayo? Na asiyeweza kuyabishia atayakumbuka kwa lipi?

Sisemi kwamba kuagizwa mada ni aibu. Muyaka alitunga juu ya mambo ya siku ya Mombasa yake, na washairi wa pwani tangu hapo wametunga kwa maombi ya wenye harusi na wenye misiba. Mada anaweza kukupa yeyote: mwenye shughuli, mhariri, wizara. Dhamira hakuna wa kukupa.

Katika kazi ya tafsiri tofauti hii haina simile. Mada huvuka bahari bila ya taabu. Utii una jina lake katika kila lugha. Kinachozama njiani ni kile kilichomo baina ya agizo la mama na tabasamu lake, kama alitabasamu.

Walimu watanijibu kwamba mtihani unataka hoja tano, na kwamba si wao walioutunga. Ni kweli. Basi nawaelekea wanaoutunga. Ulizeni: Mwana Kupona anasema nini juu ya utii, na ni beti zipi zinazokufanya uamini hivyo? Mpeni mwanafunzi kurasa mbili za kujibia, na msahihishaji asishikishwe majibu mkononi kabla hajasoma.