Jinai Haiozi, Mbona Madai Yaoza?

Mfanyakazi akikatwa mkono na mashine kiwandani, hapana tena mtu nchini Tanzania awezaye kumwambia aende kwanza akatafute wakili, alipe ada ya mahakama, kisha athibitishe mbele ya hakimu kwamba tajiri wake alikuwa mzembe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilikwisha kulikata shauri hilo. Upo mfuko, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri huuchangia, nao humlipa aliyeumia kwa sababu moja tu: kwamba aliumia kazini. Wafanyakazi wanaijua thamani ya jambo hilo, maana wanaujua ugumu wa mtu mmoja asiye na fedha kusimama peke yake mbele ya kampuni yenye mawakili.

Leo twauliza swali lililo jirani na hilo. Mtoto aliyenajisiwa au kuteswa shuleni, bwenini, katika kituo cha yatima au chini ya paa la nyumba ya ibada, na mtu mzima aliyepewa dhamana ya kumlea, ana njia gani ya kuipata fidia yake? Jibu ni chungu. Haki anayo, imeandikwa vitabuni. Njia ya kuifikia hana.

Wala tusidhani kwamba twasema juu ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walikuwa wamepatwa na udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto wale wa mwaka 2009 ndio watu wazima wa leo. Wamo viwandani, mashambani, maofisini na katika mikutano yetu. Tunakaa nao benchi moja bila kujua walichokibeba.

Wanasheria wetu wana msemo wao maarufu: jinai haiozi. Maana yake ni kwamba mwovu aweza kushtakiwa hata miaka 20 baada ya uovu wake. Msemo huo ni wa kweli, nao watupa faraja. Lakini tuutazame vizuri. Haiozi jinai, yaani haki ya Serikali kumwadhibu mkosaji. Madai, yaani haki ya aliyeumizwa kulipwa kwa ajili ya maumivu yake, yanaoza, tena yanaoza upesi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, shauri la madai la namna hii lina miaka 3. Kwa mtoto miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapotimiza umri wa utu uzima. Basi kijana afikapo miaka 21, kwa kawaida mlango umekwisha fungwa.

Ni nani, katika umri wa miaka 21, mwenye nguvu ya kusimama hadharani na kuyataja mambo hayo? Nchini Australia Tume ya Kifalme iliyofanya kazi tangu mwaka 2013 hadi 2017 iliwasikiliza faraghani watu wapatao 8,000 waliotendewa maovu wakiwa watoto katika shule, makanisa, vituo vya yatima na vyama vya vijana. Tume ilikuta kwamba kwa wastani watu hao walikaa karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Miaka 24! Mtoto aliyeumizwa akiwa na miaka 10 hufungua kinywa akiwa na miaka 34, naye amekwisha kuwa mzazi. Sheria impayo hadi miaka 21 imempa muda wa kunyamaza, haikumpa muda wa kudai.

Watu wengine watasema kwamba Kanuni ya Adhabu yetu imekwisha kulitibu jambo hili. Ni kweli kwamba, tangu marekebisho ya mwaka 1998, mtu anayetiwa hatiani kwa kubaka huweza kufungwa maisha, au miaka isiyopungua 30, na juu ya adhabu hiyo mahakama huamuru amlipe fidia aliyemtendea. Shabaha yake ni njema. Lakini mtu atakayekaa gerezani miaka 30 atalipa kwa kitu gani? Mara nyingi amri hiyo hubaki katika jalada la mahakama. Na kesi ya jinai sharti ithibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana. Ikishindwa, amri ya fidia nayo hufa pamoja nayo. Katika shauri la madai kipimo ni chepesi zaidi: mahakama hupima ni upande upi wenye uzito.

Ndiyo sababu hatuna budi kumtazama mwingine aliyesimama nyuma ya mkosaji. Ni nani aliyemwajiri? Ni nani aliyempa funguo za bweni? Ni nani aliyeletewa malalamiko akayaweka kabatini, au akamhamishia mtu huyo kituo kingine ambako watoto hawakumjua?

Juu ya hayo jirani zetu wa Kenya wametufundisha somo. Mwaka 2011 lilifunguliwa katika Mahakama Kuu, Nairobi, shauri la wanafunzi wawili wa kike wa shule ya msingi waliodhalilishwa na mwalimu wao. Hawakumshtaki mwalimu peke yake. Waliishtaki pia Tume ya Utumishi wa Walimu iliyomwajiri, pamoja na Serikali. Mwezi Mei mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu kwamba mwajiri na Serikali nao wanabeba dhamana, kwa kuwa mtoto huwekwa mikononi mwao tangu aingiapo shuleni. Alikemea vikali desturi ya kumhamisha mwalimu mwovu kutoka shule moja hadi nyingine, na kisha kudhani kwamba kumfukuza kazi kwatosha. Mwanafunzi mmoja aliamriwa alipwe shilingi milioni 2 za Kenya, na mwingine shilingi milioni 3.

Hukumu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu mmoja kufungua shauri la haki za msingi kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na inakataza kabisa ada kutozwa kwa kufungua shauri la namna hiyo. Walikuwapo pia mawakili walioibeba kazi hiyo hadi mwisho wake. Ondoa mawakili hao, weka ada mlangoni, na wasichana wale wawili wasingalisikika kamwe.

Kwetu, mzazi atakaye kuishtaki shule ya Serikali sharti kwanza aandike notisi ya siku 90, kisha afungue shauri lake katika Mahakama Kuu. Kwa mkulima wa kijijini, au kuli wa bandarini, Mahakama Kuu ni safari, ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, na ni lugha ya kisheria asiyoizoea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefanya jambo kubwa kuwatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Twawapongeza kwa dhati, maana wengi wao hufanya kazi bila malipo. Lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Humfikisha mdai hadi mlangoni. Ndani sharti awepo wakili. Na wakili wa kulipwa hukaa mjini.

Tusisahau kwamba kuna taasisi ambazo hujificha nyuma ya sheria yenyewe. Mwaka 2007, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mtu aliyedhalilishwa na padri alipokuwa mtoto hawezi kuwashtaki wadhamini wa mali ya kanisa, kwa kuwa kazi yao ni kutunza mali tu, wala hawakumsimamia padri yule. Na kanisa lenyewe, kama kundi la waumini, halikuwa mtu wa kisheria awezaye kushtakiwa. Basi mali ilikuwapo, waumini walikuwapo, majengo yalikuwapo, lakini mdaiwa hakuwapo! Ilipita miaka 11 kabla jimbo jirani la Victoria, mwaka 2018, halijatunga sheria ya kuilazimisha taasisi ya namna hiyo itoe mdaiwa mwenye uwezo wa kulipa. Jimbo hilohilo ndilo lililotangulia, mwaka 2015, kufuta ukomo wa muda katika mashauri ya watoto waliodhulumiwa. Majimbo mengine yalifuata.

Hapo Australia haikusimama. Tangu Julai 2018 ilianzisha Mpango wa Taifa wa Fidia, uliowekewa muda wa miaka 10. Mdai hupeleka maombi yake bila kusimama kizimbani. Taasisi iliyohusika hulipa. Kiwango cha juu ni dola 150,000 za nchi hiyo. Naye hupewa pia ushauri wa kumtuliza moyo, na taasisi humwomba radhi ana kwa ana akitaka. Lakini akikubali malipo hayo, huiacha haki yake ya kuishtaki taasisi hiyo mahakamani. Kwa hiyo Serikali hulipia huduma ya wanasheria wanaomshauri bure kabla hajatia sahihi. Twaona jambo hilo la mwisho ndilo lenye busara kuliko yote. Fidia bila mshauri yaweza kuwa mtego.

Canada nayo ilitoa onyo. Katika makubaliano ya fidia kwa watu wa asili waliolelewa katika shule za bweni walikotengwa na wazazi wao, makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2007, ilibidi ada ya wakili katika madai ya mtu mmoja mmoja iwekewe kikomo cha asilimia 30, nusu yake ikilipwa na Serikali. Hata hivyo baadhi ya mawakili walikutwa wakiwanyonya wateja wao. Aliyenyonywa utotoni asinyonywe tena uzeeni na yule aliyejidai kumwokoa.

Tunazijua hoja za wanaopinga. Wanasema kwamba ushahidi wa zamani umefifia, na kwamba watajitokeza waongo. Twajibu kwamba kufuta ukomo wa muda si kufuta wajibu wa kuthibitisha. Mdai bado atatakiwa athibitishe, na mahakama bado itapima. Tena huko Australia mahakama ilibakiziwa uwezo wa kulisimamisha shauri ambalo haliwezi tena kusikilizwa kwa haki. Mahakama hupima maneno ya watu kila siku katika mashauri ya mashamba na mirathi ya miaka mingi iliyopita. Je, ekari moja ya ardhi ina heshima kuliko mwili wa mtoto?

Wanasema tena kwamba shule na vituo maskini vitafilisika. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Kituo kinacholea yatima 40 kwa sadaka hakiwezi kulipa mamilioni, na kikifungwa, yatima hao watalala wapi? Lakini wafanyakazi walikwisha tupa jibu. Waajiri wadogo nao hawakuweza kumlipa kila mmoja majeruhi wake, ndipo ukawekwa mfuko ambao wote huchangia kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna sababu ya taasisi zote zinazopokea watoto, za Serikali na za watu binafsi, kutokuwa na mfuko wao wa namna hiyo.

Basi twatoa rai, nazo ni nne. Kwanza, ukomo wa miaka 3 uondolewe katika madai ya watu waliodhulumiwa wakiwa watoto. Pili, isitozwe ada ya mahakama katika mashauri hayo, na msaada wa kisheria umpatie mdai wakili wa kusimama naye mahakamani hadi hukumu itekelezwe. Tatu, kila taasisi inayopokea watoto iandikishwe pamoja na jina la mdaiwa wake wa kisheria, na ichangie mfuko wa fidia. Nne, ada za mawakili ziwekewe kikomo kinachojulikana na kila mtu.

Sheria hutungwa na Bunge, lakini zipo kazi ambazo hazingoji Bunge. Walimu na chama chao wakatae kumpokea kimya kimya mwenzao aliyehamishwa kwa sababu ya tuhuma za namna hii; heshima ya mwalimu mwema hulindwa kwa kumtenga mwovu, wala haiponi kwa kumficha. Viongozi wa matawi wakome kuyasuluhisha mambo hayo vibarazani kwa mbuzi na fedha chache anazopewa baba, huku mtoto mwenyewe hakuulizwa neno. Fidia ni mali ya aliyeumia. Na wafanyakazi, ambao wanajua maana ya kudai pamoja, wamsindikize mwenzao anayetaka kusema, wamtafutie msaidizi wa kisheria, wala wasimwulize kwa nini alinyamaza muda wote huo.

Fedha haiurudishi utoto. Lakini humlipia mtu matibabu, humrudisha katika masomo aliyoyaacha, na humwambia kwa sauti ya taifa zima kwamba kosa halikuwa lake. Serikali imekwisha kukubali kwamba jinai haiozi. Yaipasa sasa ikubali kwamba na maumivu ya aliyetendewa hayaozi.