Pampu mbili ndani ya nyumba, na ami bado alikosa pumzi

Mwezi uliopita ami yangu alikaribia kututoka, na dawa alikuwa nayo mkononi. Mkewe alinipigia simu saa nane za usiku. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kifua kinalia, maneno yanamtoka mawili mawili. Ameshikilia pampu mpya ya zambarau aliyoandikiwa wiki tatu nyuma. "Nimevuta mara sita," alinambia baadaye, "wala haikunifaa." Pampu yake ya zamani, ile ya buluu ambayo ndiyo ingemfungua kifua kwa haraka, ilikuwa kabatini. Alidhani mpya imekuja kuchukua mahali pa ile ya kale.

Tulimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni na mvuke, na alhamdulillah siku ya tatu alirudi nyumbani. Nilipokaa naye nikamuuliza anavyoitumia dawa yake, niligundua mambo matatu. Kwanza, alikuwa akiivuta siku akibanwa tu. Akiamka mzima haigusi. Pili, kabla ya kuvuta alikuwa akipulizia ndani ya kifaa, kana kwamba anapuliza vumbi. Tatu, hakuwahi kuambiwa asukutue mdomo. Duka la dawa lilimkabidhi boksi na chenji yake, basi.

Ningependa kusema kuwa kosa ni la mzee mmoja asiyeuliza. Lakini tangu siku ile nimewauliza majirani, walimu wenzangu wa zamani na vijana wa bodaboda wanaotumia pampu, na karibu kila mmoja ana hadithi inayofanana na hiyo. Dawa hizi za mchanganyiko zimeingia mitaani kwetu, mafunzo yake hayakuingia nazo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa wanaokufa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Ndiyo maana Siku ya Pumu Duniani ya Mei 2025 ilibeba wito mmoja: dawa za kuvuta zimfikie kila mtu. Mimi nauongeza wa pili: zikimfikia, ajue kuzitumia.

Tuanze na kilichobadilika. Kwa miaka mingi mgonjwa wa pumu alipewa pampu ya buluu, salbutamol, akaambiwa avute akibanwa. Dawa hiyo hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na kwa dakika chache mtu hupata nafuu. Lakini pumu si kubanwa tu. Ndani ya njia za hewa mna uvimbe, na uvimbe huo upo hata siku mtu anapojiona mzima. Pampu ya buluu ni kama kufungua dirisha nyumba inapoungua: moshi utatoka, moto umeubakisha. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa pampu ya buluu peke yake. Mwongozo wake unasema anayemaliza pampu 3 au zaidi za dozi 200 kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya, na anayefika 12 hatari yake ya kufa huongezeka. Jihesabie wewe mwenyewe, au mhesabie mwanao.

Pampu ya mchanganyiko ina dawa mbili ndani ya kifaa kimoja. Moja ni steroidi ya kuvuta, inayotuliza uvimbe pole pole. Ya pili hupanua njia za hewa kwa muda wa saa 12 au zaidi. Hapa ndipo ami alipokwama, na ndipo wengi wanapokwama: pampu za mchanganyiko si zote za namna moja. Soma majina yaliyoandikwa kwenye boksi. Ikiwa umeona salmeterol, hiyo ni dawa ya kila siku, asubuhi na jioni, na hufanya kazi polepole. Haimwokoi aliyebanwa usiku. Huyo anahitaji pampu yake ya buluu iwe karibu. Ikiwa umeona budesonide na formoterol, hiyo formoterol hufanya kazi kwa haraka, na baadhi ya wagonjwa wa pumu huandikiwa waitumie kila siku na pia wanapobanwa. Lakini hilo ni la daktari kuamua, na ina kikomo cha mivuto kwa siku. Mwambie akuandikie kikomo hicho kwenye karatasi. Ukikifikia na kifua bado kinabana, acha kuhesabu mivuto, tafuta gari la hospitali.

Kwa nini dawa hizi mbili zikafungwa pamoja? Kwa sababu tulijifunza kwa gharama ya maisha ya watu. Nchini Marekani ulifanywa utafiti mkubwa uliowaongezea wagonjwa wa pumu salmeterol juu ya matibabu yao ya kawaida, na wengi wao hawakuwa wakitumia steroidi yoyote. Ulisimamishwa mwaka 2003. Kati ya watu zaidi ya 13,000 waliopewa dawa hiyo, 13 walikufa kwa pumu. Katika kundi la idadi karibu sawa lililopewa dawa bandia, walikufa 3. Ni idadi ndogo, lakini somo lake ni kubwa: mwenye pumu asitumie dawa ya kupanua kifua kwa muda mrefu bila ya steroidi. Zikiwa pamoja, tafiti zilizofuata hazikuona hatari hiyo, na Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa onyo lake kali kwenye boksi za mchanganyiko.

Ami yangu hana pumu peke yake. Alivuta sigara tangu ujanani, na kwa miaka mingi alisimama juu ya mkaa akichoma mishikaki. Mapafu yake yameharibika kwa namna isiyorudi nyuma, na huo huitwa ugonjwa sugu wa mapafu. Mama zetu waliopika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha wanaupata pia, hata kama hawajawahi kushika sigara. Ugonjwa huu si pumu, ingawa kukohoa kunafanana. Mgonjwa wake mara nyingi huanza na dawa za kupanua njia za hewa, na steroidi huongezwa kwa baadhi yao, hasa wanaoshikwa mara kwa mara. Sababu ni kuwa kwao hao steroidi ya kuvuta huongeza uwezekano wa nimonia. Homa ikija, makohozi yakibadilika rangi au kuongezeka, usingoje Jumatatu. Na usimwazime jirani pampu yako kwa kuwa tu naye anakohoa.

Sasa kuhusu kuvuta kwenyewe, maana dawa isiyofika kifuani ni pesa iliyotupwa. Pampu ya gesi, ile ya kubonyeza, itikise vizuri. Toa pumzi nje yote, iweke midomoni uibane, anza kuvuta polepole na papo hapo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, kisha zuia pumzi kwa kiasi cha sekunde 10. Ya unga ni kinyume: haitikiswi baada ya dozi kuwekwa, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Usipulizie ndani yake hata mara moja. Unyevu wa pumzi hugandisha unga, na sisi wa pwani tayari tuna unyevu wa kutosha hewani. Ifunge baada ya kila matumizi, usiiweke bafuni. Na ile ya gesi usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Mtoto au mzee asiyeweza kuvuta na kubonyeza kwa pamoja hutumia chupa maalumu ya kupitishia dawa. Kama bei yake imekushinda, mwulize mhudumu wa afya akuonyeshe kutengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Huu si ubahili: watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 1999 matokeo yanayoonyesha kuwa kwa watoto waliobanwa, chupa kama hiyo ilifanya kazi sawa na ya kununua.

Ukimaliza kuvuta, sukutua mdomo na koo kwa maji, uteme. Usipofanya hivyo, steroidi inayobaki mdomoni huleta utando mweupe na sauti kukauka. Mwenzetu mmoja anayesoma kaswida aliiacha dawa yake kwa ajili ya sauti tu, na tiba ilikuwa glasi moja ya maji. Angalia pia kihesabio cha dozi. Kikifika sufuri, gesi inaweza kuendelea kutoka na dawa imekwisha. Kuitia kopo kwenye maji uone kama inaelea hakukwambii lolote.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Propranolol ya presha na matone ya timolol ya presha ya macho yanaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Dawa za virusi zenye ritonavir, na baadhi ya dawa za ukungu kama ketoconazole, huifanya steroidi ijikusanye mwilini. Moyo ukienda mbio au mikono ikitetemeka, sema. Lakini usiiache dawa ghafla kwa uoga.

Uoga huo naujua. Watu wananambia pampu ni "hatua ya mwisho", kwamba ukiizoea hutoki, kwamba msichana akionekana nayo hataposwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kiasi cha steroidi katika mvuto mmoja ni kidogo mno ukilinganisha na vidonge na sindano anazopewa yule anayekimbizwa hospitali kila baada ya miezi miwili. Anayekwepa ile ndogo ndiye anayeishia kwenye ile kubwa.

Kuna suala la Ramadhani, nalo huulizwa kila mwaka. Wanavyuoni wamehitilafiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymeen waliona pampu ya pumu haifunguzi. Wengine, wakiwemo wengi wa madhehebu yetu ya Shafii, wanaona inafunguza. Simo katika nafasi ya kuamua baina yao, mwulize sheikh wako. Ninachoweza kusema ni kuwa dozi ya mara mbili kwa siku inaweza kupangwa na daktari iwe wakati wa futari na wakati wa daku. Na aliyebanwa mchana avute bila kusitasita. Rukhsa ya mgonjwa kulipa siku nyingine imo ndani ya Qurani, Surat al-Baqara, aya ya 185. Hakuna sheikh atakayekwambia ufe na pampu mfukoni.

Nyumbani nako tujitazame. Udi na ubani ni uzuri wa nyumba ya Mswahili, lakini chetezo katika chumba kilichofungwa, palipolala mwenye pumu, ni balaa. Ukungu wa kuta wakati wa masika, shisha sebuleni, moshi wa mkaa: pampu haiwezi kushindana navyo vyote.

Nimewasema wagonjwa, niwaseme na wakubwa. Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF imeondoka na SHA imeingia. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa, wala halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mmoja wa mifuko yake mitatu unataja magonjwa sugu katika jina lake. Basi tuulize: mgonjwa wa pumu wa Kisauni au Lungalunga anahitaji nini hasa? Hahitaji kitanda. Anahitaji pampu moja kila mwezi ili asikihitaji hicho kitanda. Dawa ya budesonide na formoterol imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Mtu akifika kituo cha afya akaambiwa "nenda ukanunue nje", atanunua ya buluu kwa sababu ndiyo rahisi, na mzunguko unaanza upya.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kaunti zetu sita za pwani zina kliniki za sukari na presha, na ni jambo jema. Pumu nayo isingoje mpaka iwe dharura. Nawaomba mawaziri wa afya wa kaunti mambo matatu: pampu za mchanganyiko zisikosekane katika vituo vya afya, katika kila kituo awepo muuguzi mmoja wa kumwonyesha mgonjwa kuvuta, kisha amtazame naye akivuta, na kipimo cha kupuliza, kinachotenganisha pumu na ugonjwa sugu wa mapafu, kipatikane angalau katika hospitali kuu ya kila kaunti. La pili halihitaji bajeti. Linahitaji dakika tano.

Na wenye maduka ya dawa, hizo dakika tano ni zenu pia. Mteja akija kununua pampu ya buluu ya tatu mwaka huu, mwambie akamwone daktari. Mtapoteza mauzo ya siku moja tu.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo inageuka rangi, au pampu yake ya haraka haimpi nafuu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, akiendelea kuvuta njiani.

Ami sasa ameandika kwa kalamu nene juu ya pampu zake. Ya zambarau imeandikwa "asubuhi na jioni". Ya buluu imeandikwa "nikibanwa". Glasi ya maji iko kando ya kitanda, na sigara, inshallah, ameziaga. Kazi hiyo ilituchukua chini ya robo saa, na ingeweza kufanywa siku ile ile aliponunua dawa.