Msianzie Kijuju!

Jamani, juzi pale Korogwe dogo mmoja kaniuliza Resident Evil aanzie namba ngapi. Kabla sijafungua mdomo wenzake wakadakia: "Namba 5! Mle wanaongea Kiswahili!"

Kweli wanaongea. Maadui wa gemu hiyo ya 2009 wanaitwa Majini, neno letu kabisa. Ila mji wao, Kijuju, umewekwa Afrika Magharibi! Kiswahili kilifikaje huko, kilipandia basi Segera? Na Sheva, Mwafrika aliye upande wa wema, anaongea Kiingereza. Kiswahili wameachiwa wa kupigwa risasi, nasi tunachekelea eti tumetambuliwa.

Tena haitishi. Risasi kibao, mwenzako pembeni.

Anza na ya kwanza, ya 1996, au ilivyotengenezwa upya 2002. Umefungiwa kwenye jumba, risasi za kuhesabu, na ili kuhifadhi ulipofika unahitaji taipureta na utepe wa wino. Tepe zikiisha, kila mlango unaufungua roho mkononi. Hata mtoto wa Handeni aliyekulia kwenye hadithi za majini atawasha taa.

Namba 5 icheze baadaye, mkiwa wawili na pedi mbili. Hapo siwabishii.